Injini Inapokohoa Chini ya Mteremko

Dereva aliyeniletea lori lile hakuwa na malalamiko mengi. Alisema linapanda mlima vizuri, linavuta mzigo bila kusita, na likisimama injini yake hutulia kwa mlio ulio sawa. Tatizo lilikuwa moja: kila alipomaliza mteremko mrefu na kurudisha mguu kwenye kanyagio la mafuta, injini ilikohoa mara tatu au nne, ikaitetemesha kabini nzima, ikatoa moshi mweupe kidogo, kisha ikarudi katika hali yake ya kawaida kana kwamba hakuna kilichotokea. Kabla ya kufika kwangu lilikuwa limekwisha kubadilishiwa filta zote za mafuta, nozeli zote sita, zile zinazopulizia mafuta ndani ya silinda, zilikuwa zimefunguliwa na kupelekwa kupimwa, na pampu ya presha kubwa ilikuwa imeshushwa na kurudishwa. Fedha nyingi zilikuwa zimetumika na kikohozi kilikuwa palepale.

Nimefanya kazi na injini za dizeli kwa miaka mingi, na ninaandika kuhusu ugonjwa huu kwa sababu ninaona unavyowaumiza wenye malori. Hudumu kwa sekunde chache, hauonekani gari likiwa gereji, na mara nyingi hauwashi taa yoyote kwenye dashibodi. Kwa hiyo fundi asiye na subira hubadilisha kipuri kimoja baada ya kingine huku akitumaini kwamba siku moja atakipata chenye kosa. Naamini kwamba njia fupi zaidi ni kujiuliza kwanza ni nini kilichobadilika ndani ya injini katika dakika zile ambazo gari lilikuwa likishuka na mguu wa dereva ukiwa umeyaachia mafuta. Kipuri kibovu kitajitaja chenyewe baada ya swali hilo kujibiwa.

Watu wengi hudhani kwamba injini inayoshuka mlima inapumzika. Haipumziki. Lori likiwa ndani ya gia, klachi ikiwa imeshika na mguu ukiwa nje ya kanyagio, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Katika hali hiyo gavana ya pampu ya zamani, yaani kidhibiti chake cha mafuta, au kompyuta ya injini ya kisasa, hukata mafuta kabisa, na nozeli hazitoi hata tone. Chukua injini ya silinda sita inayozunguka mara 1,800 kwa dakika: kila silinda hupaswa kupokea mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo injini nzima hupuliziwa mafuta mara 5,400 kwa dakika. Katika mteremko wa dakika kumi, mipulizo 54,000 haikufanyika. Wakati huohuo pistoni zinaendelea kupanda na kushuka, zikivuta hewa ya nje na kuisukuma kwenye eksozi bila kuunguza chochote; na kama injini hiyo ina ujazo wa lita 12, hewa inayopita ndani yake inakaribia lita 10,800 kila dakika, yote ikiwa ya baridi ukiilinganisha na kuta za silinda.

Kwa hiyo mengi hutokea kwa pamoja. Silinda hupoa. Turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, hupunguza mwendo, kwa kuwa haipati tena gesi za moto za kuisukuma. Mafuta ndani ya tanki huhamia mbele kwa sababu gari limeinama. Breki ya injini, kama ipo, huwa imefungwa. Pampu ya mafuta inaendelea kuzungushwa na injini, lakini karibu kila inachokivuta inakirudisha kwenye tanki kwa kuwa hakuna anayekitumia. Hata injini yenyewe huegemea upande mwingine kwenye mipira inayoibeba, kwa sababu nguvu inayopita ndani yake imegeuza uelekeo. Jambo hili la mwisho ni dogo machoni, na nitalirudia, maana ndilo lililonitesa kwa siku nne.

Sikufungua hata nati moja siku ya kwanza. Nilimkalisha dereva kivulini nikamwambia, "Mzee wangu, nisimulie safari yenyewe, usinisimulie ugonjwa." Dereva aliyekaa na gari moja kwa muda mrefu anajua mambo ambayo hakuna mashine itakayoyasoma, ila hajui kwamba anayajua, na ni wajibu wa fundi kumsaidia kuyatoa. Nilimuuliza kikohozi kinakuja baada ya muda gani wa kushuka, kama akigusa mafuta kidogokidogo njiani kinabadilika, kama anatumia breki ya eksozi, moshi ni wa rangi gani, na kama ugonjwa upo kila safari.

Majibu yake yalikuwa dhahabu. Mteremko mfupi haukuleta kikohozi, ulihitajika mrefu. Akishuka huku akigusa mafuta mara kwa mara, kikohozi kilikuwa chepesi au hakikuja kabisa. Moshi ulikuwa mweupe. Kisha akasema neno ambalo nililiandika na kulipigia mstari: "Fundi, nikienda sina shida. Nikirudi ndiyo linanisumbua, na nikirudi gari ni tupu." Yeye alikihusisha kikohozi na utupu wa gari. Lakini gari linalorudi halina mzigo, na pia halina mafuta mengi kwenye tanki, kwa sababu alikuwa na desturi ya kujaza mwanzoni mwa safari tu. Mambo mawili yalikuwa yamefungwa pamoja na ilibidi yatenganishwe. Tulijaza tanki hadi juu, tukashuka tukiwa watupu: hakuna kikohozi. Tuliporudia na tanki likiwa chini ya nusu, injini ilikohoa vilevile kama alivyoeleza.

Hapo niseme kuhusu rangi ya moshi, kwa kuwa ndiyo lugha ya kwanza ya dizeli. Moshi mweupe unaotoka wakati injini imekwisha kupata moto mara nyingi ni mafuta yaliyoingia silinda na hayakuungua, ama kwa sababu silinda imepoa, ama kwa sababu yamefika yakiwa na presha ndogo na kupuliziwa vibaya. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Moshi wa buluu ni oili. Baada ya mteremko mrefu, moshi wa buluu unaotoka mara moja kama wingu na kuisha ni dalili ya oili iliyopenya taratibu wakati presha ya turbo ilipokuwa chini, kupitia sili za turbo au kandokando ya mashina ya valvu zilizochoka. Wingu hilo halileti kikohozi kikubwa, lakini linatangaza kazi inayokuja. Fundi akiyachanganya mawingu haya matatu atatafuta kosa mahali lisipokuwepo.

Nilianza na breki ya eksozi, kwa sababu kuijaribu hakugharimu kitu. Breki hii ni kipepeo cha chuma ndani ya bomba la eksozi, kinachofungwa kwa upepo ili kuzuia gesi zisitoke na hivyo kuifanya injini ijizuie yenyewe. Masizi yakikigandisha, au silinda yake ndogo ya upepo ikichoka, kipepeo hufunga vizuri lakini hufunguka kwa kuchelewa. Dereva anakanyaga mafuta, injini haina pa kutolea pumzi, na kinachotoka ni uzito, moshi mweusi na mtetemo hadi kipepeo kitakapoachia. Nimewahi kuona lori ambalo turbo yake ilidhaniwa kuwa mbovu kwa miezi kadhaa kumbe ni chemchemi ya kurudishia kipepeo iliyokuwa imekatika. Dalili za lori hili hazikufanana na hizo, lakini nilimwomba dereva ashuke na breki hiyo ikiwa imezimwa. Kikohozi kilipungua kidogo, hakikuisha. Nilitikisa kichwa na kuendelea. Sikujua kwamba kule kupungua kidogo kulikuwa kunaniambia kitu.

Malori makubwa mengi yana breki ya aina nyingine, ile inayofungua valvu za kutolea moshi pistoni inapokaribia juu kabisa, ili hewa iliyobanwa itoke bila kurudisha nguvu yake. Asili yake ni hofu ya kweli: Clessie Cummins, mwanzilishi wa kampuni ya injini yenye jina lake, alikuwa akiteremka Cajon Pass huko California mwaka 1931 breki zilipomshinda, na aliponea chupuchupu kugongana na treni. Miaka mingi baadaye alibuni breki hiyo, na kampuni ya Jacobs ikaanza kuiuza mwaka 1961. Inaendeshwa kwa oili ya injini inayoruhusiwa na valvu ndogo za umeme. Oili ikiwa chafu au nzito, valvu moja inaweza kuchelewa kuachia, na silinda zinazohusika nayo zikaendelea kufanya kazi ya breki huku zile nyingine zikianza kuvuta. Mlio wake ni tofauti kabisa: ni wa kupigapiga kwa mdundo, kama injini inayomisi, yaani inayokosa kuunguza mafuta, kwenye silinda mbili au tatu, wakati kikohozi cha mafuta huzikumba silinda zote bila mpangilio. Anayekutana na mdundo huo apime nafasi za valvu na aangalie oili kabla ya kugusa upande wa mafuta. Lori letu halikuwa na kifaa hicho.

Sababu ya tatu ni baridi ya silinda, na hii naiheshimu kwa sababu ni ya kweli na haina kipuri kimoja cha kulaumiwa. Dizeli haina plagi za kuwasha moto. Mafuta huwaka kwa sababu hewa imebanwa mpaka kupita nyuzi 500 za Selsiasi. Injini yenye ringi zilizoisha au valvu zisizokaa vizuri hupoteza sehemu ya hewa hiyo, na ikiwa na joto lake la kawaida bado huwasha bila shida, kwa kuwa kuta za moto huisaidia. Ukiipuliza hewa ya baridi kwa dakika kumi, ule msaada hupungua, na mipulizo ya kwanza huungua nusunusu. Thamostati, ile valvu inayoyaruhusu maji ya injini kwenda kupozwa, ikiganda wazi huzidisha jambo hilo, kwa sababu radieta inaendelea kupoza maji ambayo hayapati moto mpya. Dalili yake ni sindano ya joto inayoshuka sana njiani, na mmiso unaochukua dakika moja au zaidi kupona, ukipona silinda moja baada ya nyingine. Kwetu sindano ilishuka kidogo tu, na ugonjwa ulipona wote kwa mara moja baada ya sekunde kama sita.

Sekunde sita ni muda wa kitu kinachosafishwa. Hapo niliunganisha mashine ya kupimia na kurekodi presha ya reli ya mafuta wakati wa kushuka. Injini hii ni ya mfumo wa reli ya pamoja, ambapo pampu hujaza bomba moja nene na nozeli huchukua humo. Injini ikiwa imetulia, presha ya reli kwa kawaida huwa mamia machache ya baa, na ikivuta kwa nguvu katika injini nyingi hupita baa 1,600. Nilichokiona kilinitosha: mguu uliporudi, kompyuta iliomba presha ipande, na presha halisi ilibaki chini ikitetemeka kama mshumaa kwenye upepo, kisha ghafla ikaruka na kufuata agizo. Hakukuwa na msimbo wa hitilafu uliohifadhiwa, kwa kuwa kompyuta huvumilia upungufu kwa muda fulani kabla ya kulalamika, na gari lilikuwa likipona kabla ya muda huo kuisha. Fundi anayesoma misimbo peke yake angesema gari ni zima.

Presha inayotetemeka namna ile mara nyingi ni hewa. Mafuta hayabanwi kwa urahisi, hewa hubanwa. Pampu ikipewa povu hulibana povu badala ya kujenga presha. Na hewa huingia upande wa kuvuta, yaani kuanzia tanki hadi pampu ndogo ya kulisha, ambako ndani ya bomba kuna mvuto ulio chini ya presha ya anga. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba ufa ulio upande huu haudondoshi mafuta. Unavuta hewa kimyakimya, na nje pamekauka. Injini inapovuta mlimani hewa kidogo hupita na kuungua pamoja na mafuta bila mtu kuigundua, lakini wakati wa mteremko nozeli zimefungwa, hakuna kinachoondoka mbele, na hewa inapata dakika kumi za kujikusanya kwenye kichwa cha filta na kwenye mifereji ya pampu. Ndiyo maana mteremko mfupi haukuwa na shida, na ndiyo maana kugusa mafuta njiani kulisaidia: kila mguso ulikuwa ukiondoa kiasi kidogo cha hewa kabla hakijawa kingi.

Tanki lililojaa nalo lilielezeka. Usawa wa mafuta ukiwa juu, pampu haina haja ya kuvuta kwa nguvu, na mvuto ukiwa mdogo ufa hauna cha kunyonya. Usawa ukishuka, mvuto huongezeka.

Mshukiwa wangu wa kwanza alikuwa bomba la kunyonyea ndani ya tanki. Bomba hilo likiwa na ufa katikati, huvuta mafuta safi mpaka usawa utakaposhuka chini ya ufa, na gari likiinama mbele mafuta yanakimbia upande mmoja na kuuacha ufa wazi. Kila kitu kililingana. Nilichukua jeriken la dizeli safi, nikalifunga kwa mkanda nyuma ya kabini, nikaunganisha mpira mpya wa kuvutia na ule wa kurudishia mafuta vyote viwili kwenye jeriken hilo, kwa sababu pampu huzungusha mafuta mengi kuliko inayoyatumia na bila ya kuyarudisha humohumo jeriken lingekauka njiani. Tukashuka. Hakuna kikohozi. Nilifurahi, nikashusha tanki, nikatoa bomba la kunyonyea, nikalipuliza ndani ya maji. Halikutoa hata kiputo kimoja. Tundu la kupumulia la kifuniko cha tanki, ambalo likiziba hufanya tanki lijivute lenyewe, lilikuwa wazi.

Nilikuwa nimekosea, na kosa lenyewe linafaa kujulikana na kila anayefanya jaribio la jeriken. Nililiweka juu. Likiwa juu, mafuta yalishuka kwa uzito wake mwenyewe kuelekea kwenye pampu, mvuto ukatoweka, na ufa wowote mahali popote kwenye njia ile ungenyamaza, sawasawa na ulivyonyamaza tanki lilipojaa. Nilikuwa nimerudia jaribio la tanki kamili kwa njia ya taabu zaidi na kulitafsiri vibaya. Siku iliyofuata nililifunga jeriken chini, usawa wa sakafu ya tanki, na kikohozi kikarudi mara moja. Kwa hiyo tanki na bomba lake vilikuwa safi, na kosa lilikuwa mbele, kati ya filta ya kwanza ya kuchuja maji na pampu ya kulisha.

Nilijaribu kupuliza njia hiyo kwa upepo mdogo, chini ya nusu baa, nikapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Anayetumia upepo mwingi zaidi ya huo anahatarisha sili za filta na za pampu, na pia anaweza kuufunga ufa anaoutafuta. Hakuna povu lililotokea popote. Gari likiwa limesimama, njia ya mafuta ilikuwa nzima kabisa.

Ndipo niliporudi kwenye swali la mwanzo: ni nini kinachobadilika gari linaposhuka? Niliweka vipande viwili vifupi vya mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, kimoja mara baada ya filta ya kwanza, na kingine kwenye mlango wa pampu ya kulisha. Kati yao kulikuwa na mpira mmoja mweusi, wenye urefu wa chini ya mita moja, unaotoka kwenye chesisi kwenda kwenye injini. Utingo alinisaidia kufunga simu mbili, kila moja ikiwa imewasha taa na kurekodi kipande chake, na tukashuka kwa mara nyingine. Katika picha ya kipande cha kwanza mafuta yalipita yakiwa angavu mwanzo hadi mwisho. Katika ile ya pili yalikuwa angavu wakati wa kupanda, na dakika mbili baada ya mguu kuachia, viputo vidogo vilianza kupita kama mtama unaomwagwa, vikaongezeka, na tulipofika chini kipande chote kilikuwa povu jeupe.

Niliutoa ule mpira mweusi na kuukunja kwa mkono. Ulipokunjwa upande uliokuwa umezoea, haukuonyesha kitu. Ulipokunjwa kinyume, karibu na shingo yake ya chuma palifunguka ufa mwembamba kama unywele, uliokuwa umejificha chini ya ukingo wa bati linaloubana. Injini inapovuta huegemea upande mmoja, na mpira ule ulikuwa ukibanwa na kujifunga. Inapoburutwa na magurudumu huegemea upande wa pili, na ufa ukafumbuka. Breki ya eksozi huongeza ule mburuto, na ndiyo maana nilipoizima kikohozi kilipungua kidogo. Gia ndogo nayo huuongeza. Mpira uligharimu sehemu ndogo sana ya fedha zilizokuwa zimetumika kwenye nozeli na pampu ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Kuna sababu nyingine ambazo nazipitia kwa ufupi kwa kuwa ni rahisi kuzipima. Swichi ya kanyagio la breki au la klachi inayonata huiambia kompyuta kwamba dereva bado anazuia gari, na katika magari mengi kompyuta itapunguza mafuta hata kama mguu uko kwenye kanyagio. Itazame kwenye mashine ya kupimia huku msaidizi akikanyaga na kuachia. Waya wa sensa ya mzunguko wa injini unaweza kuvutwa na ule mwegemeo uleule uliofungua mpira wetu, na hapo injini hukatika ghafla bila moshi. Valvu ya kurudishia gesi za eksozi ikiganda wazi kwa masizi huleta uzito na moshi mweusi kila mahali, wala si chini ya mteremko peke yake. Kwenye injini za zamani zenye pampu ya mstari, fimbo ya kugawia mafuta ikiwa na ute na uchafu hukaa kwenye sifuri wakati wote wa kushuka na kurudi kwa kusita. Diaframu ya turbo iliyotoboka nayo huchelewesha mafuta, lakini dalili yake ni uvivu na si kukohoa.

Jambo moja la usalama siwezi kulipita haraka. Wengi tulijifunza kazi kwenye pampu za zamani, ambako fundi alilegeza nati ya bomba la nozeli injini ikiwa inanguruma ili kuitambua silinda iliyokufa. Kwenye mfumo wa reli usifanye hivyo kamwe. Mafuta ya presha ile hupenya ngozi bila kuacha jeraha kubwa, mtu akadhani amechomwa na mwiba, na mkono ukaharibika kwa ndani; anayepatwa na hilo aende hospitali saa ileile hata kama haumwi. Na madereva wanaojaribu kukwepa kikohozi kwa kuweka gia huru mlimani wanajiweka kwenye hatari kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Gari lenye gia huru linazuiwa na breki za magurudumu peke yake, nazo zikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu. Wala hakuna mafuta yanayookolewa, kwa sababu injini iliyo kwenye gia huru inahitaji mafuta ili isizimike, na ile inayoburutwa haihitaji hata tone.

Nilifunga mpira mpya, nikatoa hewa kwa pampu ya mkono hadi ikawa ngumu, na tukarudia mteremko uleule mara tatu, tanki likiwa robo, breki ya eksozi ikiwa imewashwa na gia ikiwa ndogo, kwa kuwa hali mbaya kuliko zote ndiyo inayostahili kuwa shahidi. Presha ya reli ilifuata agizo bila kutetemeka. Dereva alitaka kuondoka. Nilimwomba anipe saa moja zaidi, kwa sababu mpira wa mafuta haupasuki karibu na shingo bila kitu kuukunja kupita kipimo chake. Nilimweka utingo mbele ya injini, nikamwambia dereva ashike breki na kuachia klachi taratibu kwa gia ya mbele, kisha kwa gia ya kurudi nyuma. Kwa gia ya mbele injini iliinama kiasi cha kawaida. Kwa gia ya nyuma iliruka. Mpira mmoja wa kubebea injini ulikuwa umeachana na bati lake kwa zaidi ya nusu, na tuliubadilisha jioni ileile.